Mkono wa Mtu Dirishani

Asubuhi ya nne ndipo alipokubali kwamba katika dirisha hili la duka pana mkono wa mtu.

Siku ya kwanza alijiambia amesahau. Siku ya pili aliwasingizia wafagiaji. Siku ya tatu alijilaumu mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kujilaumu hata mvua ikinyesha. Lakini mdoli wa kuvalishia nguo, wa ukubwa wa mtu mzima, una kitako cha chuma cha kumtoa mtu jasho. Hauwezi kuamka alfajiri ukajisogeza kutoka upande wa ngazi hadi upande wa mlango, ukabeba na kiti chake, kisha ukaacha masanduku ya safari pale ulipokuwa umesimama. Mdoli wa mwanamke ulikuwa umehamishwa. Wa mwanamume pia. Hata kamba ya nailoni iliyoning'iniza kofia ilikuwa imefunguliwa na kufungwa kwingine, kwa fundo safi, fundo la mtu anayejua kazi.

Chuoni walimwita Kipaza. Ni kifupi cha kipaza sauti, na walimpa jina hilo kwa sababu katika miaka miwili hakuna aliyewahi kumsikia akisema jambo likavuka safu ya pili ya madawati. Alisomea upambaji wa maduka, yaani kupanga bidhaa kwenye rafu, kuvisha midoli, kutega taa, kulifanya dirisha la duka limsimamishe mtu aliyekuwa na haraka zake. Aliipenda kazi hiyo kwa siri, kama alivyopenda vitu vyote. Alipenda hasa mgongo wa mdoli. Kwa mbele watu huona gauni limekaa kana kwamba limeshonewa mwili ule, kumbe nyuma kuna pini kumi na nne zimelibana. Uzuri wote mbele, shida zote nyuma. Kipaza alijiona humo.

Sasa walikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, katika duka la nguo la ghorofa tatu, na duka lilikuwa limeahidi kumwajiri mwanafunzi mmoja. Wanafunzi walikuwa wawili. Dirisha lilikuwa moja, lile kubwa la mbele, nalo lilitakiwa lifunguliwe Jumamosi. Kipaza alifanya kazi asubuhi, mwenzake alasiri, kwa kuwa chuo kiliwagawa katika mikondo miwili ya masomo.

Mwenzake huyo aliitwa Madoido. Ukimpa utepe mmoja anaomba mitatu, ukimpa ua moja anauliza bustani iko wapi. Alivaa bangili zilizomtangulia kufika. Kipaza alimwogopa kidogo, kama watu wa kimya wanavyowaogopa watu wanaocheka kabla hawajaambiwa kichekesho.

Mkuu wao alikuwa mpambaji wa duka hilo, mama mrefu mwenye miwani kichwani ambaye wote walimwita Mama Taa, kwa kuwa hakupita penye taa asiiguse. Alikuwa na mtindo wake wa kazi. Hakuchora. Aliwaandikia maneno kwenye karatasi moja, akaibandika nyuma ya mlango mdogo wa kuingilia dirishani, na kila siku aliongeza mistari. "Mwanamke kulia, kiti ubavuni mwake. Mwanamume kushoto, anamtazama. Masanduku matatu nyuma ya mwanamume, kubwa chini. Kofia juu ya sanduku, iwe kama inaanguka."

"Mimi sitaki mtu wa kunakili picha," aliwaambia siku ya kwanza. "Nataka mtu anayesoma akaona."

Alisema na jambo jingine siku hiyo, akinyoosha kidole kwenye kioo, lakini fundi umeme alikuwa juu ya ngazi na keekee yake inatoboa dari. Kipaza alikuwa amesimama nyuma kabisa, kati ya midoli miwili isiyo na vichwa. Aliona midomo ya Mama Taa inacheza. Aliona Madoido anaitikia. Naye akaitikia.

Kioo chote kilikuwa kimefunikwa kwa karatasi za kaki kutoka ndani, ili mtaa usione kabla ya siku yake. Palibaki tundu moja, la ukubwa wa sarafu, usawa wa macho. Kila jioni, baada ya zamu ya Madoido, Mama Taa alitoka nje, akachungulia kwenye tundu, akarudi kuandika "Sawa" kwenye karatasi na kutia saini. Wanafunzi nao waliruhusiwa kwenda kuchungulia. Kipaza hakwenda hata mara moja. Ng'ambo ya barabara palikuwa na wang'arisha viatu watano waliokaa kwenye viti vifupi, na kila aliyesogeza jicho pale kwenye tundu walimpigia makofi na kumuuliza anaona nini huko, harusi au mazishi. Kipaza aliwaza kuchungulia mbele ya watu watano, akaona afadhali alale njaa.

Kwa hiyo kila asubuhi alikuta mambo mawili yanayoumiza kwa pamoja. Kazi yake imevurugwa, na pembeni mwa karatasi pameandikwa "Sawa".

Sawa ya nani?

Alirudisha kila kitu. Alikokota midoli, akahesabu hatua, akafungua kofia na kuifunga upya. Saa sita mchana walipokutana kwenye mlango wa wafanyakazi, Madoido alimtazama kwa jicho la pembeni, kisha akacheka.

"Shoga, jana umeniachia kazi tena. Unanipenda sana wewe."

"Haya," alisema Kipaza.

"Haya nini?"

"Haya tu."

Njia nzima ya kurudi aliyatafuna maneno yale. Umeniachia kazi. Yaani anamcheka waziwazi! Anaharibu, kisha anamwambia usoni kwamba ameharibu, kisha anamwita shoga.

Jioni hiyo aliyatoa nyumbani. Mama yake alikuwa anapiga pasi sare ya kaka, na kaka mwenyewe alikaa na fulana akisubiri sare hiyo. Kaka alikuwa mlinzi wa ghala. Miaka sita ya kulinda ghala ilikuwa imemfanya aitazame dunia yote kama watu wanaotoka na kitu ndani ya koti.

"Mdogo wangu," alisema, "unajua mwizi wa ndani anatambulikaje? Anakusalimia vizuri."

"Kaka, kila mtu ananisalimia vizuri."

"Basi hali ni mbaya kuliko nilivyodhani."

"Mwache mdogo wako," mama alimwambia kaka, kisha akamgeukia Kipaza. "Mwanangu, si umuulize tu? Mwambie, dada, mbona unahamisha vitu vyangu? Mdomo umepewa wa nini?"

"Mama, ukimuuliza mwizi unamwamsha," kaka alisema. "Anaficha ushahidi. Mimi nawajua hawa. Kwanza, ana sababu? Anayo, nafasi ni moja. Ana nafasi ya kufanya? Anayo, anaingia wewe ukitoka. Unataka nini tena, akuletee barua?"

"Labda kuna maelezo mengine," alisema Kipaza, polepole.

"Yapo. Ni kwamba wewe ni mpole, na yeye ameliona hilo."

Neno hilo lilimwingia. Lilimwingia kwa sababu alikuwa amelisikia maisha yake yote, kutoka kwa walimu, majirani, mpaka kwa dada wa maktaba, wote wakilisema kama sifa. Sasa alilisikia kama jina la mlango usiofungwa.

Kaka alimpa mtego. Asage chaki nyeupe, aipake kiunoni mwa mdoli, nyuma, chini ya mkunjo wa koti. Atakayeukumbatia kuuhamisha, chaki itamshuhudia.

Jumatano asubuhi Kipaza alisaga chaki. Alhamisi asubuhi alikuta midoli imehamishwa tena, akairudisha, lakini safari hii hakuondoka mchana. Alikaa kwenye ngazi za wafanyakazi akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Madoido alifika na blauzi nyeusi ile ile ya jana, na kifuani, chini ya bega, palikuwa na doa jeupe lililosuguliwa na maji likakataa.

"Unaangalia hili?" Madoido alijifuta kwa kiganja. "Hata sijui hii chaki nimeitoa wapi. Nimechafuka tangu jana kama mwalimu wa darasa la kwanza."

Kipaza alitabasamu. Moyo ulimwenda mbio kana kwamba mwizi ni yeye.

Aliporudi nyumbani kaka alipiga kofi pajani kwa furaha, akamwambia aandike barua papo hapo, kabla ushahidi haujafuliwa. Aliandika vizuri. Alieleza siku moja moja, mdoli mmoja mmoja. Kaka alisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Haitoshi. 'Nadhani.' 'Inaonekana.' Hii ni barua au utabiri wa hali ya hewa? Andika umemwona."

"Sikumwona."

"Chaki imemwona. Chaki ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi umemwona wewe. Mdogo wangu, bila macho hakuna kesi. Weka: 'nimemwona kwa macho yangu akihamisha kazi yangu.' Maneno saba tu. Unataka nafasi au hutaki?"

Aliitaka. Akayaandika maneno yale saba, kwa mwandiko mdogo kuliko mwingine wote wa barua, kana kwamba yakiwa madogo yatakuwa na uzito mdogo. Alasiri hiyohiyo alirudi dukani, akaiweka bahasha juu ya meza ya Mama Taa chini ya boksi la pini, akatoka bila kuonana na mtu.

Ijumaa aliwahi. Alikuta yaleyale, midoli kule isikotakiwa. Alipiga magoti kuanza kuukokota wa mwanamke, na hapo akahisi anatazamwa. Mtu mwenye haya huhisi kutazamwa hata gizani, na humu taa zote ziliwaka. Aliinua kichwa.

Katika tundu la karatasi palikuwa na jicho.

Halikupepesa. Lilikuwa limepakwa wanja, na kope zake zilikuwa zimepindwa kwa uangalifu mkubwa. Kipaza aliyajua madoido hayo.

Ajabu ni kwamba hakuogopa. Kitu kilichokaa kifuani mwake siku zote hizo kilipanda, kikamshika mkono, na mkono ukaishika karatasi ya kaki ukaivuta. Alikusudia kuvuta ncha. Ilitoka karatasi nzima, kutoka juu hadi chini, kwa sauti kama ya shuka inayochanwa. Mwanga wa mtaa uliingia wote kwa pamoja. Madoido alikuwa amesimama nje, mkono mmoja bado umekingwa usoni, mdomo wazi.

"Nimekukamata!" alipiga kelele Madoido.

Kupitia kioo sauti ilikuja kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Mimi ndiye nimekukamata wewe!" alijibu Kipaza. Hakujua kwamba sauti hiyo alikuwa nayo.

"Kila siku unaharibu! Unanikomoa! Nahamisha peke yangu hayo machuma, mgongo umekufa!"

"Nani kakwambia uhamishe? Karatasi inasema kulia!"

"Ndiyo, kulia!"

"Basi kulia!" Kipaza alinyoosha mkono wa kulia, kuelekea ngazi.

"Kulia!" Madoido naye alinyoosha mkono wa kulia, kuelekea mlango.

Walisimama hivyo, uso kwa uso, kioo katikati, kila mmoja ameonyesha upande wake kwa nguvu zote. Ng'ambo ya barabara brashi zilikuwa zimesimama.

"Anasema kulia," alitangaza mng'arisha viatu mmoja.

"Hapana, huyu wa nje anasema kulia. Huyo wa ndani anaonyesha kushoto."

"Wewe, kushoto kwako, kwake ni kulia!"

"Sasa huyo wa ndani anaonyesha kulia au analia?"

"Yote mawili, ndugu yangu. Mtazame."

Ni kweli, machozi yalikuwa yanamtoka, na mkono bado umenyooka. Aliutazama mkono wake. Akautazama wa Madoido. Mikono miwili ya kulia, yote inasema kweli, inaelekea pande mbili. Polepole, kama mtu anayeshusha kitu kilichojaa maji, Kipaza aliushusha wake.

Madoido alizunguka akaingia kwa mlango wa wafanyakazi, bangili mbele, yeye nyuma.

"Wewe umehesabu kutoka humu ndani," alisema, akihema. "Wiki nzima umehesabu kutoka humu ndani! Kulia ni kulia kwa mteja, aliye mtaani. Si Mama Taa alisema? Siku ya kwanza, mbele yetu sote. Dirisha lina mkono wake, akasema, sahau wa kwako."

"Sikusikia. Keekee..."

"Si ungeuliza!"

"Na wewe si ungeuliza kwa nini nahamisha?"

"Nilikuuliza! Nikakwambia umeniachia kazi, ukaniambia haya! Mtu anakwambia haya, utasema nini tena? Nikasema huyu mtoto anajifanya mpole, kumbe ananichosha makusudi ili Jumamosi nilale chali yeye apewe nafasi. Ndiyo maana leo nimekuja mapema nikufumanie." Aliketi juu ya sanduku kubwa, na ghafla akaanza kucheka, mkono kifuani. "Tumekokota hawa watu huku na huku wiki nzima! Wenyewe wangekuwa na midomo wangetushtaki."

Kipaza hakucheka. Alikuwa amekumbuka boksi la pini.

Alikimbia. Ngazi za ghorofa mbili alizipanda kama zinawaka moto. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na Mama Taa amesimama chini ya taa yake, miwani machoni safari hii, barua mkononi.

"Nilikuwa nakuja kukuita," alisema. "Nimesoma. Nimeshapiga simu chuoni, nimewaambia mwenzako asije tena, leo wala kesho. Katika kazi hii mtu anayegusa kazi ya mwenzake kwa ubaya hana mahali. Kaa chini, binti yangu. Umevumilia mengi."

Hapo ndipo palipokuwa na kiti, na nafasi, na njia rahisi kuliko zote, kukaa tu. Asingehitaji hata kusema neno. Angeitikia kwa kichwa, kama alivyofanya siku ya keekee, na maisha yangeendelea vizuri. Kiti kilikuwa na mto wa kijani. Aliutazama mto huo kwa muda mrefu kuliko mto unavyostahili.

"Sikumwona," alisema.

"Unasemaje?"

"Nimeandika nimemwona kwa macho yangu. Sikumwona. Na hakuharibu. Mimi ndiye niliyekuwa naharibu, nilihesabu kulia ya ndani. Yeye alikuwa anarekebisha. 'Sawa' zote ni zake." Sauti haikukatika. "Na karatasi ya dirishani nimeichana. Mtaa wote unaona."

Mama Taa alivua miwani. Alikaa yeye kwenye kiti cha mto wa kijani.

"Kosa la kulia na kushoto," alisema, "nimelifanya mimi mwenyewe, nilipokuwa na umri wako. Kila mpambaji hulifanya. Hilo nisingelikuuliza hata mara mbili." Aliikunja barua kwa mkunjo wa zamani. "Lakini haya maneno saba si ya kulia wala kushoto."

"Ndiyo, mama."

"Kama ungekaa ningekuajiri."

"Najua."

"Sasa sitaweza."

"Najua, mama."

Mama Taa aliinua simu, akapiga chuoni kufuta yale aliyosema. Kisha akasita, mkono juu ya simu, akamwagiza Kipaza aisome barua hiyo yeye mwenyewe mbele ya mwenzake, yote, bila kuruka mstari. Baada ya hapo atakaa amalize mafunzo, maana dirisha halitajimaliza lenyewe.

Kipaza akaisoma. Aliisomea dirishani, kati ya midoli, huku watu wakipita nje. Madoido alisikiliza akiwa amesimama, na yale maneno saba yalipofika, bangili zilinyamaza. Hakutukana. Ingekuwa nafuu angetukana. Aliuliza swali moja tu.

"Ile chaki, ilikuwa yako?"

"Ndiyo."

"Blauzi hiyo ni ya dada yangu," alisema Madoido, akageuka kubandika karatasi mpya.

Jumamosi dirisha lilifunguliwa. Watu walisimama. Mwanamke na mwanamume wa plastiki walitazamana kana kwamba mmoja wao anakaribia kusema jambo, na kofia ilikuwa karibu kuanguka, haianguki. Jumatatu Madoido alisaini mkataba, na Kipaza alibakiwa na wiki tatu za mafunzo chini yake, akibeba, akipiga pasi, akichomoa pini migongoni.

Nyumbani kaka alisema duka limepoteza mtu, na kwamba mwishoni huyo Madoido atajulikana. Mama alimwekea chakula, akakaa naye mpaka alipomaliza.

Walipokuwa wakiandaa dirisha lililofuata, safari hii bila karatasi za kaki, Madoido alikuwa na utaratibu mpya. Alimwonyesha Kipaza kila kitu kwa adabu. Alimwambia asante, alimwambia tafadhali. Shoga hakumwita tena. Na kila Kipaza alipomaliza zamu yake na kuokota mkoba, Madoido alitoa simu.

"Subiri," alisema. "Simama hapo, karibu na huo mdoli. Nataka picha ya dirisha ulivyoliacha, na wewe umo."

Kipaza, ambaye katika picha zote za familia yupo nusu bega nyuma ya mtu mwingine, alirudi akasimama pale alipoelekezwa.

"Sogea kulia," alisema Madoido, ambaye sasa alikuwa nje, upande wa pili wa kioo, akionyesha kwa kidole ili kusiwe na ubishi. "Kulia kwangu."

Akasogea. Akashusha mikono, akalitazama jicho dogo la simu, akangoja mpaka likamaliza kumwangalia.